Mawe manne, kilo arobaini: kizio cha tatu chenye hasi

Chukua mizani ya vitanga viwili na gunia la maharage sokoni Mbuyuni, Moshi. Muuzaji ana mawe manne tu: kilo 1, 3, 9 na 27. Anaweza kupima kila kilo kamili kuanzia 1 hadi 40, mradi akubali kuweka jiwe hata upande wa maharage. (Kwa biashara halisi atumie mawe ya kawaida yaliyogongwa muhuri, haya ni ya somo.)

Jiwe linalokabili maharage linajumlisha, tuliandike +. Lililokaa pamoja na maharage linatoa, tuliandike −. Lililobaki chini ni 0. Hiki ni kizio cha tatu, yaani namba huandikwa kwa nafasi za 1, 3, 9, 27 na tarakimu 0, 1, 2 badala ya makumi, ila tarakimu 2 imeondolewa na mahali pake pamekaa hasi moja. Mfaransa Claude-Gaspard Bachet alichapisha fumbo la mawe haya mwaka 1612.

Kuandika namba, gawanya kwa 3 na utazame baki. Baki 0, andika 0. Baki 1, andika +. Baki 2, andika −, kisha ongeza 1 kwenye jibu kabla ya kugawanya tena. Tuione 23. 23 kwa 3 ni 7 baki 2: andika −, 7 inakuwa 8. 8 kwa 3 ni 2 baki 2: andika − tena, 2 inakuwa 3. 3 kwa 3 ni 1 baki 0: andika 0. 1 kwa 3 ni 0 baki 1: andika +. Soma kuanzia alama ya mwisho kurudi ya kwanza: +0−−. Yaani 27 kutoa 3 kutoa 1.

Wengi huteleza kwenye ile 1 ya kuongeza. Ukiisahau, 23 itakuja −+−, ambayo ni hasi 7. Bahati nzuri hapa kosa linajianika: namba chanya huanza na + kushoto, hasi huanza na −. Kwenye mizani yenyewe, jiwe likikaa kitanga kisicho chake kosa huwa mara mbili ya uzito wake. Hamisha lile la kilo 3 upande wa pili, na 23 inageuka 29.

Shufwa na witiri hazitambuliwi kwa tarakimu ya mwisho kama tulivyozoea. Hesabu alama zisizo 0. Zikiwa witiri, namba ni witiri, kwa kuwa 1, 3, 9 na 27 zote ni witiri. 23 ina tatu. 32 ni ++−−, alama nne, basi ni shufwa.

Kupata hasi ya namba, geuza kila + kuwa − na kila − kuwa +. Hasi 23 ni −0++. Ndiyo maana kati ya mipangilio 81 ya mawe manne, 40 ni chanya, 40 hasi, na mmoja ni mizani tupu.

Ukifuta tarakimu ya mwisho ya 23 unabaki na +0−, yaani 8, na 8 mara 3 ni 24, kigawe cha 3 kilicho karibu zaidi na 23. Kukadiria kunajifanya kwenyewe. Sifa hizi zilitumika kwenye kompyuta ya Setun, iliyoundwa Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1958 chini ya Nikolay Brusentsov.