$feof haichungulii mbele

Miongoni mwa wanafunzi wa uhandisi wanaojifunza Verilog (lugha ya kueleza saketi za kidijitali) hapa Kampala kuna imani sugu: kwamba testibenchi (msimbo wa kuijaribu saketi) ikitumia kitanzi cha while (!$feof(f)), yaani "rudia hadi faili f liishe", itasimama mara tu ikimaliza mstari wa mwisho wa faili. Sivyo. $feof hukubali kwamba faili limekwisha pale tu usomaji uliotangulia ulipogonga mwisho.

Chukua faili lenye mistari 4, kila mmoja ukiwa na namba moja na alama ya mstari mpya. $fscanf(f, "%h", x), inayosoma namba moja ya heksadesimali na kuiweka kwenye x, ikishasoma namba ya nne, alama ile bado imebaki. $feof inajibu 0, kitanzi kinaingia raundi ya tano, usomaji unashindwa, na x inabaki na thamani ya zamani. Saketi imelishwa data ileile mara mbili. Kama inajumlisha namba mbili tu, hutagundua kitu. Kama inalimbikiza jumla, hesabu itakataa, nawe utaanza kuisaka hitilafu ndani ya saketi isiyo na kosa. (Kuongeza \n kwenye fomati huficha tatizo, dawa hiyo siipendi.)

Bora utegemee jibu la $fscanf yenyewe: while ($fscanf(f, "%h", x) == 1). Hurudisha idadi ya thamani zilizosomeka, au -1 faili likiisha, hivyo hata mstari wenye herufi zisizofaa utakisimamisha kitanzi.

Waliotoka VHDL, lugha nyingine ya aina hii, hunaswa kirahisi, maana endfile ya kule kweli huchungulia mbele. Na kabla ya yote, hakikisha $fopen, inayofungua faili, haikurudisha 0, ishara ya kushindwa.