Ono no Komachi: Hadithi Aliyobebeshwa na Mashairi Aliyoyaacha

Anayeanza kumsoma Ono no Komachi, mshairi wa kasri la Heian, mji wa Japani unaoitwa leo Kyoto, hukutana kwanza na hadithi kabla ya mashairi. Husimuliwa kwamba alikuwa mrembo asiye na kifani na mwenye moyo mgumu, kwamba aliwakataa wanaume hadi mmoja akafa, na kwamba mwishowe alizeeka akiwa ombaomba. Wengi huichukua hadithi hiyo kuwa wasifu wake, ilhali sehemu kubwa yake ilitungwa baada ya yeye kufa, na, jambo linalosikitisha zaidi, ilijengwa juu ya mashairi yake mwenyewe, yaliyosomwa kana kwamba ni ungamo.

Tuanze na sura yake. Japani anatajwa mara nyingi kuwa mmoja wa wanawake watatu wazuri kupita wote duniani, pamoja na Cleopatra wa Misri na Yang Guifei wa China. Hata hivyo, hakuna picha yake iliyochorwa alipokuwa hai, wala maelezo ya mtu aliyemwona. Yanayothibitika ni machache: aliishi karne ya 9, alijibizana kwa mashairi na washairi Fun'ya no Yasuhide na Abe no Kiyoyuki, na alikuwa na dada yake ambaye pia alitunga. Wataalamu wengi humhusisha na kasri la Mfalme Ninmyo, aliyetawala kuanzia 833 hadi 850. Watu wa Akita, kaskazini mwa Japani, hudai kwamba alizaliwa kwao, na treni ya kasi iendayo huko imepewa jina la Komachi tangu 1997. Huo ni upendo wa watu kwa mshairi, na unastahili heshima, lakini si ushahidi.

Simulizi lililomchafulia jina zaidi ni lile la usiku mia moja. Yasemekana kwamba bwana mmoja, Fukakusa no Shosho, alimposa, naye akamtaka aje mlangoni pake usiku mia moja mfululizo. Bwana huyo akaja usiku 99, kisha akafa kabla ya kutimiza sharti. Fukakusa ni mtu wa hadithi, na kilichomtia katika fikra za watu ni tamthilia ya jadi ya Kijapani iitwayo Noh, hasa mchezo wa Kayoi Komachi, ulioandikwa karne kadhaa baadaye. Mbegu ya simulizi hilo yaweza kuonekana katika Kokinshu, diwani iliyokusanywa kwa amri ya mfalme mnamo mwaka 905. Humo Komachi anajifananisha na ghuba, na kuuliza kama mvuvi hajui kwamba ghuba hiyo haina mwani, maana haachi kuja hata miguu ikamchoka. Wahariri waliliweka shairi hilo mara tu baada ya shairi la mshairi Ariwara no Narihira kwa sababu yalichukuana kimaudhui. Ise Monogatari, kitabu cha visa vifupi vilivyojengwa juu ya mashairi, kikayageuza mashairi hayo mawili kuwa majibizano ya mwanamume anayelalamika na mwanamke anayemsumbua. Kwa usomaji wa namna hiyo, taswira ya kishairi iligeuzwa kuwa kosa la mtu.

Vivyo hivyo kwa ule uzee wa ufukara. Chanzo chake kikuu ni Tamatsukuri Komachi Sosuisho, andiko la lugha ya Kichina linalomweleza kikongwe aliyewahi kuishi katika utajiri na urembo, na sasa anatangatanga akiwa na njaa. Hakuna kinachoonyesha kwamba kikongwe huyo ni mshairi wetu. Wahubiri wa Kibuddha waliohitaji mfano wa kupita kwa mambo ya dunia walimpata katika jina linalofanana. Shaka juu ya jambo hili si ya leo. Yoshida Kenko, mtawa na mwandishi wa karne ya 14, alikumbusha katika Tsurezuregusa kwamba andiko hilo lilihesabiwa miongoni mwa kazi za mtawa Kukai, aliyefariki mwaka 835, ilhali Komachi alivuma baada ya hapo. Akahitimisha kwamba habari zake hazina uhakika. Onyo hilo halikusikilizwa. Shairi lake maarufu kuliko yote, linalosema kwamba rangi ya maua imefifia bure wakati yeye akitazama mvua ndefu na kuwaza, liliendelea kusomwa kama kilio cha mrembo aliyechuja. Shairi jingine, alilomjibu Yasuhide aliyemwalika waende Mikawa, ambamo anajilinganisha na gugu la majini lililokatika mzizi na kusema kwamba yangekuwapo maji ya kumvuta angekwenda, likachukuliwa kuwa dalili ya kutangatanga. Ukilisoma taratibu, utaona ni jibu la werevu na la mzaha kidogo, la mtu anayejua vizuri kucheza na mwaliko.

Si mashairi yote yanayobeba jina lake yaliyo yake: diwani iitwayo Komachi-shu ina zaidi ya 100, na mengi humo ni ya watu wengine. Msingi thabiti ni yale 18 ya Kokinshu.

Imebaki dhana kwamba alikuwa mtu wa hisia tu, asiye na ufundi. Iliasisiwa na Ki no Tsurayuki, mhariri mmojawapo wa Kokinshu, aliyeandika katika utangulizi kwamba mashairi yake yanagusa moyo lakini hayana nguvu, kama mwanamke wa heshima anayeugua, na kwamba udhaifu huo unatokana na jinsia yake. Husahaulika kwamba Tsurayuki aliwakosoa washairi wote sita aliowataja humo, na Komachi ndiye mwanamke pekee kati yao. Waka, shairi fupi la Kijapani alilolitunga, ina mizani 31 tu, na katika nafasi hiyo finyu Komachi huyafanya maneno yabebe maana mbili kwa pamoja, mvua ikawa pia fikra na kunyesha kukawa pia kuzeeka, bila sentensi kulegea. Udhaifu hauzai kazi ya namna hiyo. Matendo ya wahariri wenyewe yanapingana na maneno ya utangulizi: walipofungua kitabu cha 12, cha pili katika vitabu vya mapenzi, waliweka mbele mashairi matatu mfululizo ya Komachi, yote kuhusu kukutana na mpenzi ndotoni, na la tatu likimwonyesha akigeuza nguo ya kulalia nje ndani, kama ilivyokuwa desturi ya aliyetaka kumwota ampendaye.