Uzi wa pamba unaong'aa si nailoni

Wiki hii wateja watatu wamenirudishia uzi wa kufumia vitambaa vya makochi. "Dada, pamba gani inang'aa hivi? Umetuuzia nailoni." Mwingine akasema umepakwa nta, ukifuliwa mara mbili mng'ao utaisha.

Jamani. Unyuzi wa pamba, tumba likishapasuka na kukauka, hunywea ukawa kama utepe uliojipindapinda. Mwanga ukigonga mapindo hayo hutawanyika, ndiyo maana pamba ya kawaida haing'ai. Uzi ukitumbukizwa kwenye maji ya kostiki soda, ile dawa ya kutengenezea sabuni, yakiwa makali kama asilimia 20 hivi, unyuzi hufura, mapindo hufunguka, ukawa mviringo na uso wake laini. Mwanga sasa unarudi kwa pamoja. Hakuna kilichopakwa, basi ukifua kitoke nini?

Kazi hii huitwa mesaraizi, kwa jina la Mwingereza John Mercer aliyeigundua mwaka 1844. Vitambaa vyake vilipata nguvu na kushika rangi vizuri, ila vilirudi sana, yaani vilipungua urefu, na wala havikung'aa. Mng'ao ulikuja karibu na 1890, Mwingereza mwenzake Horace Lowe alipoubana uzi usirudi ukiwa ndani ya kostiki. Kumbe siri ni dawa pamoja na kuvuta.

"Si kostiki inaunguza?" Inaunguza ngozi yako, na inakula sufu na hariri. Inayoiozesha pamba ni asidi.

Kabla ya kunirudishia uzi, choma kipande. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu mepesi. Nailoni inayeyuka ikaganda kidonge kigumu. Kiberiti tu, wala huhitaji kunipigia simu saa nne usiku.

Kuna wanaoamini pamba mbichi hunyonya maji. Itupie kwenye beseni uone inavyoelea, kwa sababu ina nta yake ya asili. Pamba ya hospitali hunyonya kwa sababu imeshachemshwa na kupaushwa. Watu wa batiki wanaotia rangi amerikani bila kuichemsha kwanza, halafu wanalaumu rangi kwa mabaka, nimewachoka.

Siki nayo eti hukamata rangi. Kwenye sufu na hariri, sawa. Pamba haina habari nayo.

Na taulo msizitie dawa ya kulainisha nguo. Inaacha utando wa mafuta juu ya nyuzi, taulo inakuwa laini kama paka lakini maji haikaushi.