Kabla ya kuosha, kabla ya kuzika: ushahidi wa malalamishi dhidi ya polisi Mombasa

Mombasa haina polisi wake. Makupa, Nyali, Likoni, Changamwe, vyote ni vituo vya Huduma ya Taifa ya Polisi, na gavana haamrishi afisa hata mmoja. Ndiyo maana malalamishi yanayopelekwa kwa mwakilishi wadi au barazani kwa chifu huishia papo hapo. Chombo cha kiraia chenye nguvu ya kisheria ya kuchunguza polisi ni IPOA, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Ina ofisi Mombasa na simu ya bure, 1559. Unaweza kulalamika kwa mdomo au kwa maandishi. Askari wa kaunti wanaofukuza wachuuzi hawamo: hao si polisi, na malalamishi dhidi yao yana njia nyingine.

IPOA haimfuti mtu kazi wala haimshtaki. Huchunguza, kisha faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, au hupendekeza adhabu ya kinidhamu. Kwa hiyo kesi husimama kwa ushahidi, na mwingi wa ushahidi huo hupotea siku ya kwanza, tena mikononi mwa familia yenyewe.

Hapa kwetu penye kasoro kubwa ni maziko. Mtu akipigwa risasi usiku, baada ya swala ya Adhuhuri keshalazwa kaburini. Maji ya kumwosha yameondoa masizi ya baruti kwenye ngozi, ambayo yangeonyesha kama bunduki ilikuwa karibu au mbali. Nguo zimetupwa. Baadaye, kufukua kaburi kunahitaji amri ya mahakama, na mwili uliooza hausemi yote ambayo ungesema siku ile. Basi mzungumzeni na imamu mapema na muombe upasuaji wa maiti ufanyike asubuhi hiyo hiyo. Ijulisheni IPOA kabla, ili mpelelezi wake awepo, na familia ina haki ya kuwa na mwanapatholojia (daktari mchunguza maiti) wake mwenyewe chumbani. Asipopatikana, hakikisheni ripoti inataja tundu la kuingilia risasi na la kutokea, mahali zilipo, na kama risasi au kipande chake kilitolewa na kukabidhiwa nani. Nguo msizifue. Zikauke kivulini, kisha kila moja iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi. Ndani ya plastiki damu mbichi huota ukungu.

Kazi hii huzaa matunda. Mwaka 2014 msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi nyumbani Kinango, kaunti ya Kwale. Polisi walidai aliwashambulia kwa panga. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, miaka 7 kila mmoja, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza kutokana na uchunguzi wa IPOA.

Aliyejeruhiwa aanze hospitali. Karatasi za matibabu za siku ile ndizo daktari atakazozitegemea kujaza P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, na P3 inayojazwa wiki tatu baadaye juu ya michubuko iliyopona haina nguvu. Ripoti kituoni, usitoke bila nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Wakikataa kuandika, ni lalamishi la pili hilo: andika saa, kituo, na jina lililo kifuani mwa afisa. Sheria inamtaka aliyevaa sare aonyeshe jina au nambari ya utumishi. Wale waliovaa nguo za kiraia ndio shida, hapo nambari ya gari, hata nusu yake, ni dhahabu.

Kwa aliye seli, Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo siri ya kukamatwa Ijumaa jioni, na nadhani wanaopanga misako wanaijua vyema. Mtu wa namna hiyo atembelewe Jumamosi, na nyakati zote ziandikwe.

Video isikatwe wala kuongezwa muziki. Faili asili ibaki kwenye simu iliyorekodi, kwa kuwa ile iliyopita WhatsApp imebanwa na huenda imepoteza tarehe yake. Mwenye simu ndiye shahidi. Siku ya tarehe 27 Machi 2020, abiria walipopigwa na kurushiwa vitoa machozi kwenye kivuko cha Likoni, picha zilisambaa sana. Picha bila mtu wa kusema "nilipiga mimi, nikiwa nimesimama hapa" hupingwa kirahisi kortini.

Faili nyingi hufia kwa mashahidi. Kesi huchukua miaka, watu wanahama, wengine wanatishwa au wanapewa kitu kidogo wanyamaze. Andikisheni maelezo yao mapema, kila mtu peke yake, na anayeogopa amwambie mpelelezi siku hiyo hiyo, apelekwe kwa Shirika la Ulinzi wa Mashahidi kabla jina lake halijajulikana mtaani.