Mkataba wa kubadilishana sarafu: thamani imekaa kwenye malipo ya mwisho

Siku kampuni mbili zinapotia saini mkataba wa kubadilishana sarafu kwa masharti ya soko, yaani kupeana fedha za sarafu mbili, kulipana riba kila mwaka na kurudishiana mwishoni, thamani yake huwa sifuri au karibu na hapo, ndiyo maana wahasibu wengi huuweka kwenye jalada na kuusahau hadi mkaguzi wa hesabu aulize una thamani gani leo. Wanaponiletea swali hilo, mara nyingi nakuta wamelinganisha riba tu. Riba ni sehemu ndogo ya habari.

Mkataba uliofungua njia ya biashara hii, ule wa mwaka 1981 kati ya IBM na Benki ya Dunia, ulionyesha hivyo mapema: IBM ilikuwa na madeni ya faranga za Uswisi na maki za Ujerumani, dola ikapanda, na kwa kubadilishana ikajihakikishia faida iliyotokana na sarafu hizo kushuka.

Tuchukue mfano mdogo. Euro 1 ikiwa dola 1.10, kampuni A iliipa kampuni B dola milioni 11 ikapokea euro milioni 10. Kila mwaka A hupokea riba ya 5% kwa dola na kulipa 3% kwa euro, na siku ya mwisho kila moja hurudisha kiasi kilekile ilichopewa. Sasa imebaki miaka 2, riba za soko ni 4% kwa dola na 2% kwa euro, nayo euro imefika dola 1.20.

Ichukulie A kana kwamba inamiliki hatifungani (hati ya mkopo wenye riba) ya dola na wakati huohuo inadaiwa hatifungani ya euro. Dola 550,000 za mwaka ujao na 11,550,000 za mwaka unaofuata, zikirudishwa kwenye thamani ya leo kwa 4%, ni dola 11,207,470. Euro 300,000 na 10,300,000, kwa 2%, ni euro 10,194,156, yaani dola 12,232,987. Kwa A, basi, mkataba una thamani ya hasi dola 1,025,517, na kwa B ni chanya kwa kiasi hichohicho. Kama euro ingebaki 1.10, hasara ingekuwa dola 6,100 hivi. Zilizobaki zote zimeletwa na sarafu.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni kutumia riba ya dola kwenye malipo ya euro. Katika mfano huu hasara ingeonekana kuwa dola 566,200 hivi, na hesabu ingependeza machoni ingawa si kweli. Malipo ya kila sarafu yarudishwe kwenye thamani ya leo kwa riba ya sarafu yenyewe, kisha ndipo ubadilishe kwa kiwango cha leo.

Ukiyapima malipo moja moja kwa viwango vya kubadilishia vya mbeleni, yaani bei ya sarafu inayokubaliwa leo kwa siku ijayo, jumla haibadiliki, ila picha inakuwa wazi zaidi: malipo ya mwaka ujao yana faida ya dola 175,900 hivi kwa A, na ya mwaka wa pili yana hasara ya 1,201,400 hivi. Hapo B ina sababu ya kuwa makini, kwa kuwa inaanza kwa kutoa, na chake chote kinasubiri siku A itakaporudisha euro milioni 10. Nikiuthaminisha mkataba kwa niaba ya B, napunguza kwenye ile dola 1,025,517 gharama ya uwezekano kwamba A haitakuwepo siku hiyo.