Chaji Chanya Zaidi Haileti Jeni Zaidi

Dhana inayochosha kuliko zote katika uundaji wa polima (molekuli za minyororo mirefu) za kupeleka jeni ndani ya seli ni hii: DNA ina chaji hasi, utando wa seli nao vilevile, basi kadiri unavyomimina polima yenye chaji chanya ndivyo jeni zitakavyoingia kwa wingi. Si kweli, na seli zinakufa bure kwa sababu yake.

Piga hesabu. Maikrogramu 1 ya DNA ina takriban nanomoli 3 za fosfeti. Kwa PEI (poliethilenimini, polima yenye chaji chanya), uwiano wa N/P, yaani nitrojeni ya polima kwa fosfeti ya DNA, wa 10 unadai nanomoli 30 za nitrojeni. Zidisha kwa 43, uzito wa kipande cha PEI chenye nitrojeni moja, unapata maikrogramu 1.3 za polima. Lakini DNA huwa imeshabanwa yote uwiano ukifika 2 hadi 3. Karibu asilimia 70 ya polima yako inaelea huru. Hiyo ya ziada husaidia chembe (DNA iliyobanwa na polima) kutoroka endosomu, kifuko kinachoimeza ndani ya seli, na hapo ndipo watu wanapopotea: wametoka 5 kwenda 10, GFP (protini inayong'aa kijani, ishara kuwa jeni imefanya kazi) imepanda, wanakimbilia 30. Huko polima huru hutoboa utando, seli hujikunja na kubanduka kwenye sahani.

Anza na jeli ya agarosi kwa uwiano wa 1, 2, 3 na 5, uone DNA inaacha kutembea wapi, yaani imeshabanwa. Kisha jaribu seli kwa 5, 8 na 10, ukipima uhai wao pamoja na GFP. Usikose visima vya polima tupu, kiasi kilekile bila DNA: seli zikifa humo, mkosaji ni polima. Dawa yake ni mnyororo unaovunjika, kama wa poli(beta-amino esta), ambao vifungo vyake vya esta hukatwa na maji. Kuongeza chaji hakusaidii kitu.

Eti chembe ikishaingia ndani kazi imekwisha? Nyingi huishia kwenye lisosomu, kifuko cha seli cha kumeng'enya, na DNA bado inadaiwa kufika kiini. mRNA, nakala ya maagizo ya jeni, inatosheka na saitoplazimu.

Polima iliyofaulu kwa plazmidi (DNA ya duara) haifai moja kwa moja kwa siRNA, RNA fupi ya kuzima jeni. Hiyo ina jozi 21 hivi za besi, fupi na ngumu kukunjika, kwa hiyo hushikwa kwa ulegevu. Pima upya.

Wala mchanganyiko hauhitaji saa nzima "kukomaa". Kwenye chumvi ya milimola 150 chembe za PEI huzidi kushikamana na kuwa kubwa. Dakika 10 hadi 20 zinatosha; ukizitaka ndogo, changanyia kwenye glukosi ya asilimia 5.