Povu la Zamani la Kuzimia Moto Halimwagwi, Halichomwi

Wenye depo za mafuta na viwanda wanazidi kutuuliza: povu letu la kuzimia moto limepitwa na wakati, tulimwage wapi? Halimwagwi popote.

Mapovu mengi ya zamani yana PFAS, yaani kemikali sumu ambazo kaboni yake imeshikana na florini. Kaboni ikishikana na florini, muungano wake ni miongoni mwa ile imara kabisa katika kemia. Jua na bakteria wa kinamasi hawauwezi. Povu likiingia mtaro wa Nakivubo, linateremka hadi ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji ya Kampala. Wapo wanaoongeza maji ili sumu "iishe nguvu". Haiishi, inasambaa tu! Na kuchemsha maji ya kunywa huua vijidudu, lakini PFAS hubaki sufuriani. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Moto wa shimoni nao hupeperusha sumu bila kuivunja. Tanuri linalofaa hupita nyuzi 1,100 za Selsiasi, na moshi wake huondolewa asidi ya florini.

Kuiondoa PFAS si kuiharibu. Maji yakipitishwa kwenye mkaa amilifu (mkaa uliotengenezwa ili kunasa kemikali), PFAS hunata humo. Maji hutoka safi, mkaa unakuwa ndio taka. Kuivunja ni kazi nyingine: kwa mfano, taka hutiwa oksijeni ndani ya maji yenye joto linalopita nyuzi 374 na shinikizo linalozidi mara 200 lile la hewa, hadi zibaki kaboni dioksaidi, maji na chumvi za floridi. Mitambo hiyo ni ghali, kwa hiyo dumu moja la povu zito, lisiloongezwa maji, ni afadhali kuliko tangi zima ulilolichanganya na maji.

Hapa Uganda, chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2020, taka hatari husafirishwa na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, pekee. Acha povu ndani ya chombo chake. Bandika lebo, andika jina la bidhaa, mwaka na lita. Liweke chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo. Siku ya kuchukuliwa, hati ya usafirishaji isainiwe na nakala ibaki kwako. Anayekiuka hukabiliwa na faini, kifungo, au vyote viwili, na gharama ya kusafisha ni yake.

Wanaohamia povu lisilo na florini, suuzeni tangi na mabomba kwanza. Maji ya kusuuzia, hata ya mara ya tatu, yaingie kwenye dumu lenye lebo.